Choa Nyumbani kwa Mama Paka

Haya alinisimulia fundi wa magodoro mwenyewe, wiki ya pili baada ya mvua kukatika, siku aliyokuja kunishonea upya godoro langu lililokuwa limebonyea katikati kama sahani. Aliketi kwenye mkeka nje ya mlango wa jikoni, akalifumua upande mmoja, akatoa pamba yote, akawa anaipiga kwa fimbo huku anazungumza. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Hakuficha kitu, hata pale kosa lilipokuwa lake, na lilikuwa kosa kubwa. Nayaandika kama alivyoyasema, nimeacha matusi tu.

Mkewe anazalisha paka. Si hawa wa kukimbizana na panya. Ni wale wa manyoya marefu, uso bapa, mkia kama ufagio mpya. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na mmoja, na watu hutoka mbali kuja kuchukua vitoto. Mtaa mzima unamwita Mama Paka, naye huitika bila kununa. Wakati huo alikuwa na paka wakubwa saba. Mkubwa wao alikuwa dume jeupe aliyeitwa Balozi, kwa sababu hakuwa na kazi ila kukaa na kutazamwa. Aliyemfuatia kwa heshima alikuwa Bi Shungi, jike la rangi ya majivu, na mimba yake ilikuwa bado changa.

Siku moja mwalimu mmoja aligonga mlango. Mwezi uliotangulia alikuwa amechukua kitoto cha paka kwao. Salamu yenyewe aliitoa nusu, kisha akakunja mkono wa shati.

"Mama Paka, hebu tazama hapa."

Kulikuwa na duara jekundu, ukingo wake umeinuka, katikati pamepauka. Shingoni lingine.

"Choa hicho," Mama Paka akasema.

"Najua ni choa! Nina watoto arobaini darasani, na tangu jana wananiita Mwalimu Sarafu. Kimetoka kwa kitoto chako."

Mtu mwingine angebisha, angesema kitoto kimeokota huko huko. Mama Paka alimvutia mwalimu kiti.

"Kama kimetoka kwangu, kitamalizwa na mkono wangu. Kilete kitoto leo leo. Na wewe nitakupa dawa ya kupaka, usikikune hicho."

"Sikuni."

"Unakuna hivi sasa, mwalimu."

Jioni ile ile akaja daktari wa mifugo, msichana mwembamba aliyekuwa akiwaita mama na baba kwa adabu zote, lakini kwenye kazi alikuwa hana mzaha. Walifunga madirisha, akawasha taa ya mwanga wa zambarau, akaipitisha juu ya paka mmoja mmoja. Manyoya yenye ugonjwa yaling'aa kijani. Balozi alikuwa nayo sikioni, ndugu zake wawili miguuni, na Bi Shungi kidogo chini ya kidevu.

"Mama, baba, sikilizeni," daktari akasema. "Huyu si mdudu, ni ukungu, jamaa ya ule unaoota kwenye mkate. Unakula unywele, unywele unakatika, unaanguka, na mbegu zake ziko juu yake. Mbegu hizo zinaweza kukaa mwaka na zaidi zikisubiri. Kwa hiyo kutibu paka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nyumba."

"Na huyu mwenye mimba?"

"Wenzake watapewa dawa ya kumeza. Yeye hapana, itadhuru vitoto. Yeye ataogeshwa tu ile ya salfa, mara mbili kwa wiki. Na jambo la mwisho: manyoya mnayochana, kama kuna mahali mmeyaweka, yachomwe yote."

"Yapo magunia matatu stoo," Mama Paka akasema. "Mume wangu atayachoma kesho."

"Nitayachoma," fundi akasema.

Sasa, choa hakiui mtu, na Mama Paka aliwahi kukiona na kukitoa. Ila safari hii kulikuwa na jambo. Binti yao wa pekee alikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba ya kwanza, na walikuwa wamekubaliana kwamba akishajifungua atakuja kupumzika kwa mama yake. Alipozipata habari alipiga simu.

"Mama, mtoto mchanga na choa, hapana."

"Nani amesema ndiyo?"

"Basi nitabaki kwa mama mkwe. Sitaki kukuchagulisha kati ya paka na mjukuu."

"Mwanangu, hunichagulishi kitu. Paka wote watapimwa. Wakitoka safi mara mbili, karatasi mbili zikifuatana, utakuja. Siku ukijifungua nami sina karatasi mbili, paka watagawiwa wote, wa kwanza Balozi. Nimesema."

Fundi aliniambia, mke wake akishasema "nimesema", hapo hapana rufaa.

Kazi ikaanza siku ya pili. Mama Paka aliyatoa mazulia yote, akayatoa na mapazia. Kila paka akapata chumba au pembe yake, na Bi Shungi akapewa kile chumba kidogo cha nyuma chenye dirisha la jua, kwa ajili ya uzazi wake. Sakafu zilipanguswa kwa kitambaa cha maji ili vumbi lisiruke, kisha zikapigwa dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji. Nguo zilichemshwa. Mlangoni mwa kila chumba kulikuwa na ndala na koti la kuingilia humo tu, ukitoka, unaviacha. Fundi alisahau mara moja akatoka na ndala za kwa Balozi mpaka barazani.

"Simama hapo hapo!"

"Mke wangu, nimesimama."

"Usisogee. Vua. Moja. Ya pili. Sasa ruka."

"Niruke na magoti haya?"

Akaruka.

Kuogesha kulikuwa vita. Ile salfa inanuka mayai viza, na paka akishaipata hafutwi, anaachwa akauke nayo. Balozi, mweupe kama alivyokuwa, alitoka wa njano kama tambi, akawa anakaa ameupa ukuta uso. Jirani wa upande wa kushoto aliuliza juu ya ukuta, "Jamani, mnachemsha nini humo? Mnatotolesha au mnazika?" Mama Paka akamjibu, "Tunasafisha. Ukitaka nikuogeshe na wewe, njoo." Jirani akacheka, akafunga dirisha lake miezi yote ile.

Baada ya wiki ya nne daktari alichukua vipimo vya kwanza. Alikuja na miswaki mipya, akamchana kila paka kwa mswaki wake, kichwa mpaka mkia, akaufunga kwenye mfuko. Huko maabara wanaugonga mswaki kwenye kisahani na kusubiri wiki mbili waone kama ukungu utaota. Vikatoka: wawili safi, watano bado. Mama Paka hakutetereka. "Mlima huu tumefika kiunoni," akasema. Wakaogesha, wakachemsha, wakafagia. Vipimo vya pili vikarudi wiki ya nane: sita safi. Bi Shungi, kisahani kimejaa.

Hapo Mama Paka alikaa kitako. Maana Bi Shungi alikuwa amepona! Kidevu kilikuwa kimeota manyoya mapya, ngozi haina doa, taa ya zambarau haikuonyesha kitu mwilini mwake. Na tumbo lilikuwa limeshuka, siku yoyote angezaa.

Daktari alikuja na karatasi mkononi, akapewa chai, akamtazama Bi Shungi muda mrefu kupitia mlangoni.

"Mama, huyu si mgonjwa. Huyu ni kitambaa cha kufutia vumbi. Mbegu si zake. Anazikokota kwenye manyoya kutoka mahali fulani humo chumbani. Ukimwosha anatakata, akirudi kulala anazichukua tena."

"Humo chumbani? Binti yangu, hicho chumba ni kisafi hata ningeweza kupikia humo, ugonjwa ungekufa kwa kukosa pa kukaa. Kuna kisanduku, bakuli na mto. Foronya ya mto naichemsha kila siku ya tatu. Mto wenyewe ni sufi, mume wangu aliushona mpya kabisa Bi Shungi alipohamia."

"Vizuri. Na yale manyoya ya zamani? Magunia matatu?"

"Yalichomwa yote. Niliona moshi kwa macho yangu."

Fundi alipofika hapa aliacha kupiga pamba.

Maana ni hivi. Fundi wa magodoro hatupi ujazo. Amefundishwa hivyo na marehemu baba yake, aliyefundishwa na babu yake: pamba ya zamani hupigwa ikawa mpya, vitambaa hukatwa vikawa vijazo, hata pumba za mbao zina mto wake. Kwa miaka kumi na mmoja mkewe alikuwa akichana paka kila wiki, naye akiyaokota yale manyoya, laini kuliko sufi, akiyapiga na kuyaanika. Kwake yeye unywele ukishapigwa na kuanikwa si unywele tena. Ni ujazo. Siku ile alipoagizwa achome magunia, alifanya alivyoagizwa.

"Mke wangu," akasema. "Mimi nilichoma magunia."

"Ndiyo, nimemwambia."

"Magunia."

Mama Paka akageuka polepole. "Na yaliyokuwemo?"

"Yalikuwa mazuri."

Daktari akaweka kikombe chini.

"Baba, yako wapi?"

"Huo mto wa Bi Shungi," fundi akasema. "Nilitaka azalie mahali pa laini. Nikaona ni yake mwenyewe, ya ndugu zake, atasikia harufu ya nyumbani."

"Mungu wangu. Ni huo tu?"

"Mito minne ya sebuleni."

"Endelea."

"Ya wageni miwili. Kimto cha kukalia pale kibandani kwangu. Na mto wangu wa kitandani."

Daktari akainuka, akamshika fundi kidevu kama anavyomshika paka, akamgeuza shavu kwenye mwanga. Palikuwa na duara.

"Hili lina muda gani?"

"Hilo ni wembe."

"Baba, wembe haunyoi duara."

Daktari alishindwa kujizuia akacheka. Mama Paka hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe usoni, na baada ya miaka thelathini ya ndoa alijua bado hajafika mwisho.

"Kuna kingine."

Fundi akaokota kikombe cha daktari, akataka kwenda kukiosha.

"Bwana wee, sema. Kuna kingine."

"Kigodoro cha mjukuu," akasema. "Nilikimaliza juzi. Lile gunia la tatu, la juu, ndilo lilikuwa laini zaidi."

Gunia la tatu, la juu, ndilo lililokuwa na manyoya ya miezi ile ya ugonjwa. Mama Paka alikwenda chumba cha binti yao, akaingia na koti la kuingilia, akatoka na kile kigodoro amekishika kwa mikono miwili mbali na kifua. Kilikuwa kizuri, fundi aliapa. Mishono midogo pande zote nne, kitambaa cha maua ya samawati. Akakiweka uani. Akarudi, akatoa mito ya sebuleni. Akarudi tena. Fundi alimfuata na mto wake wa kitandani, naye akamwachia nafasi ya kuuweka.

"Kiberiti," akasema.

"Mke wangu, na vitambaa? Kitambaa kinaweza kuchemshwa."

"Bwana."

"Nakuletea kiberiti."

Safari hii Mama Paka alisimama pale mpaka vyote vikawa jivu. Kisha akamgeukia daktari. "Sasa niambie ukweli, usinionee haya kwa sababu ya umri. Hizi karatasi sita safi?"

"Mama, mito ilikuwa nyumba nzima. Mimi nisingeziamini."

"Basi hatuziamini. Wote saba, tunaanza upya. Karatasi mbili ni karatasi mbili."

"Binti yako ana muda gani?"

"Miezi saba na siku kadhaa. Muda upo. Mdogo, lakini upo."

Na alipompigia simu binti yake alimweleza yote, wala hakumpamba mumewe. Fundi alikuwa amekaa pembeni anasikia kicheko cha mwanawe kikitoka kwenye simu.

"Baba amenishonea choa, mama? Na maua?"

"Ya samawati."

"Mpe simu." Fundi akapokea. "Baba, asante kwa zawadi."

"Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila godoro jingine ukishona, ushone mama akiwa anatazama."

Wakaosha nyumba kama mtu anavyoosha sufuria iliyoungua, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi ndiye aliyefanya kazi nyingi. Kibanda chake alikimwaga chote nje, pamba safi akaitenga, sakafu akaipiga dawa mpaka macho yakamtoka machozi. Shavu alipaka dawa asubuhi na jioni, na wateja wakimuuliza aliwaambia, "Ni paka," wasielewe. Bi Shungi aliogeshwa mara mbili zaidi, kisha akazaa vitoto vinne, kwenye taulo lililochemshwa, kisanduku kipya cha karatasi. Mama Paka alimshika kichwa, fundi akawa anapokea taulo chafu na kuleta safi, akibadilisha ndala mlangoni bila kuambiwa.

Karatasi ya kwanza ilitoka siku ambayo vitoto vilikuwa vimeshafumbua macho. Wakubwa saba, safi wote. Bi Shungi kisahani kitupu kama kilivyotoka kiwandani. Mama Paka aliibandika jikoni, akasema, "Moja." Daktari akachukua vipimo vya pili, na vile vitoto vinne navyo vikachanwa kila kimoja na mswaki wake. Wiki mbili za kusubiri.

Siku ya tano ya kusubiri, binti akajifungua. Mapema kidogo, salama, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi. Mama Paka alikwenda hospitali amevaa nguo zilizotoka kwenye maji ya moto, akamtazama mjukuu kwa umbali wa mkono mmoja, wala hakumgusa.

Sasa lile neno lake lilikuwa limemfikia shingoni. Alisema: siku ukijifungua nami sina karatasi mbili, paka watatoka wote. Alikuwa na moja.

Mkwe wao, baba wa mtoto, kijana mwenye roho nzuri, akasema, "Mama, daktari mwenyewe anasema kwa macho yake nyumba imetakata. Hiyo karatasi ya pili ni utaratibu tu. Tuwalete leo, nani atajua?"

"Nitajua mimi," Mama Paka akasema. Akamgeukia binti yake kitandani. "Nilikwambia maneno, na siku imefika. Kesho asubuhi namwita mama mmoja wa kituo kinachopokea paka aje na vikapu vya kuwabebea. Na Balozi wa kwanza. Nimesema."

Binti akampakata mtoto vizuri.

"Mama, uliyesema ni wewe. Uliyemwambia ni mimi?"

"Ni wewe."

"Basi neno ni langu mimi, na mimi nakuongezea siku. Nitakaa kwa mama mkwe mpaka karatasi itoke. Ikitoka mbaya, Balozi aende. Ikitoka safi, nakuja siku hiyo hiyo. Hilo unakubaliana nalo?"

Mama Paka alifikiri. Fundi anasema alimwona anaupima ule msemo pande zote, kama fundi anavyopima kitambaa.

"Siku tisa," akasema. "Sitaomba ya kumi."

Siku hizo tisa hakuna aliyegombana na mwenzake nyumbani. Wanafagia. Wanachemsha. Siku ya nane fundi alimwita mkewe kibandani, akamkalisha kwenye kigoda, akafungua mbele yake robota la pamba mpya lililokuwa bado na kamba ya kiwandani.

"Tia mkono."

Akatia. Akainusa. Akachukua konzi moja akaivuta kwenye mwanga.

"Pamba."

"Sema kwa sauti."

"Pamba! Shona basi, usinipotezee muda."

Akashona, naye akitazama, mpaka mshono wa mwisho. Hawakujua bado kama mtoto angelala juu yake.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, daktari hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kwa miguu, na kabla hajafika langoni alikuwa ameshainua karatasi juu.

"Kumi na mmoja!" akasema. "Wakubwa saba na vitoto vinne. Safi!"

Mama Paka aliisoma yote, mstari kwa mstari, majina yote ya paka, hata tarehe. Kisha akasema, "Mbili," na hapo ndipo alipokaa kwenye ngazi. Jirani wa kushoto alifungua dirisha kusikia kuna nini. "Hongera, Mama Paka! Sasa hewa ni yetu sote?" "Ni yako pia, vuta!"

Saa sita binti alishuka kwenye gari na mtoto. Mama Paka alikuwa amenawa mikono mara ambazo hazihesabiki, akampokea mjukuu, akamkumbatia kifuani mara ya kwanza, akakaa naye hivyo, mpaka binti akasema, "Mama, mimi nami nipo." Walikula. Mwalimu alipita kusalimia, mkono wake umepona, akiwa na kitoto chake alichotoka kukichukua kwa daktari, kilikotibiwa miezi yote ile. Balozi, aliyeanza kurudi weupe wake, alikuja mpaka kizingiti cha chumba, akatazama lile kundi, akaona hahitajiki, akajirudia zake.

Mchana ule jua lilikuwa kali na nyumba haina pazia hata moja. Mtoto alinyonya, akalazwa kwenye kigodoro, akalala. Binti akajilaza kando yake kusema jambo, na jambo lenyewe hakulimaliza. Mama Paka alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akisema yeye hajachoka, anapumzisha macho tu. Baada ya kidogo kichwa kikamwangukia begani. Fundi alibaki mlangoni. Alivua ndala kwa mazoea, ingawa hapakuwa tena na sababu, akaingia pekupeku, akawasikiliza wote watatu wakipumua. Hakukuwa na mto wa ziada nyumba nzima. Akakunja mkono wake chini ya kichwa, hapo hapo kwenye sakafu tupu, naye akalala.